Mjumbe Asiyeweza Kusema Hapana

Mume wangu ana maradhi ya kutoweza kusema hapana, na maradhi hayo nayajua mie zaidi kuliko mama yake aliyemzaa. Mwaka mmoja alikuja bwana kutoka mji wa Adam, mfanyabiashara wa mifugo, akakaa sebuleni kwetu hapa Ibra, Omani, akanywa kahawa, akala halwa, kisha akauliza, "Nikuletee mbuzi?" Sisi mbuzi hatuwataki. Tuna kiua cha kuwekea gari na mitende miwili mitatu, mbuzi watakaa wapi? Mume wangu badala ya kusema hatutaki akatabasamu, akajibu, "Kheri, inshallah, tutaangalia." Baada ya siku chache nasikia kelele nje. Kutoka, naona mbuzi wanateremshwa garini, na mmoja keshaanza kuitafuna asumini yangu.

Mume wangu huyo ndiye watu wa wilaya yetu waliyemchagua awe mjumbe wao Maskati, katika baraza ambalo wajumbe huzijadili sheria na kuwauliza mawaziri maswali. Msinitazame hivo. Na mie nilimpigia kura. Ni mkweli, ana huruma, anasoma kila karatasi anayopewa mpaka mwisho. Ila hapana haitoki mdomoni mwake, ndo alivyo.

Kazi ya mjumbe, kwa alivyoifahamu yeye, ni kwenda na kurudi na habari. Baraza likiwa na vikao, Jumapili asubuhi anaingia garini kwenda Maskati, Alkhamisi anarudi, na baada ya sala ya alasiri anakwenda sabla, ile nyumba ya mtaa wanamokusanyika wanaume kwa maziko, harusi na mambo yao, akawaeleza nini kimesemwa na nini kimepita. Hilo namsifu. Hakuwa mjumbe wa kuonekana wakati wa kura tu. Tena hutuma ujumbe wa sauti kwenye simu za watu, mrefu mno, unaoanza kwa bismillahi na dua na salamu kwa wakubwa na wadogo, mpaka mtu anasahau alikuwa anasikiliza nini. Wajukuu zangu wakanambia kwamba watu wanausikiliza kwa kasi maradufu. Nikawaambia hebu nionesheni. Wallahi nilicheka mpaka nikakaa chini, sauti ya mume wangu imekuwa kama ya kuku anayefukuzwa.

Lakini sisi wanawake sabla hatuendi. Na wengi wetu wa rika langu, tuliokuja kutoka Unguja na Pemba tukiwa wasichana, Kiarabu cha sokoni tunakiweza, cha barazani hatukiwezi. Mume wangu akianza kile Kiarabu chake cha rasmi, mie naambulia salamu ya mwanzo na dua ya mwisho, katikati sipati kitu. Siku moja nikamwambia, "Hebu sikiliza, bwana. Kura za wanawake ulikuja kuziomba kwa Kiswahili, mpaka jikoni kwa watu ukaingia. Basi na habari tuletee kwa Kiswahili, na utuletee nyumbani."

Akasema, "Kheri, inshallah, tutaangalia."

"Mie si bwana wa mbuzi. Alkhamisi hii, kabla hujenda sabla."

Ndivyo tulivyoanza. Wanawake wakaja, vibibi wa Kiunguja na wa Kipemba, wakwe, mashoga, na wasichana wetu waliozaliwa hapahapa, ambao Kiswahili chao wanakivunjavunja na kutia Kiarabu kila penye pengo, lakini tukicheka wanacheka. Mie napika kahawa kwa iliki na zafarani, nakaanga sambusa, natoa kalimati. Mume wangu anakaa karibu na mlango na bakora yake magotini, kama bwana harusi aliyekuja kuposa, anatueleza.

Na anaeleza vizuri, msiseme namkashifu. Sheria ngumu anaikatakata vipande vidogo mpaka bibi wa miaka themanini anaifahamu. Tatizo ni pale mtu anapouliza jambo lake. Taa za njia ya kwenda makaburini vipi? "Suala hilo limepokewa kwa mazingatio, na liko mezani kwa wahusika." Daktari wa meno? Liko mezani. Ukuta wa kuzuia maji ya wadi, lile bonde linalojaa mvua ikinyesha? Nao uko mezani. Bibi mmoja wa Kipemba, mzee kuliko sote, akauliza, "Baba, meza hiyo ya mti au ya chuma?" Tukaangua kicheko. Mume wangu naye akacheka, maana kuchekwa hakumuudhi, akaendelea kuweka mambo mezani vilevile.

Miongoni mwao alikuwapo shoga yangu wa nyumba ya pili. Huyu lazima nikwelezeni. Nilipoolewa nikaletwa Ibra sikuwa namjua mtu. Nalia mchana, nalia jioni. Siku moja nasikia nyuma ya ukuta mwanamke anamgombeza mtu kwa Kiswahili cha Ng'ambo, cha mjini khasa, chenye chumvi na pilipili. Nikageuza ndoo, nikapanda juu yake, nikachungulia. Nikamwambia, "Bibi we, na mie nigombeze kidogo, nimekumbuka nyumbani." Akanitazama, akasema, "Shuka kwenye ndoo, mwanamke mjinga wewe, utavunjika." Basi ndo ushoga wetu ulivyoanza, na tangu siku hiyo sijui chumvi yangu ni ipi na yake ni ipi.

Binti yake wa mwisho alisoma Nizwa, akatoka mwalimu wa hesabu, akapangiwa skuli Masira. Masira ni kisiwa. Kimo upande wetu huuhuu wa Sharqiya, lakini unakwenda kwa gari mpaka mgongo unalia, kisha unapanda feri. Mumewe naye yuko jangwani kwenye visima vya mafuta, wiki mbili kazini, wiki mbili nyumbani. Walimu wa kike kule walikuwa wanakaa pamoja katika nyumba moja, mtoto mchanga hana pa kuwekwa. Akamwacha kwa mama yake, bado ananyonya.

Akija likizo, nakwenda kumtazama. Anafungua mikono, mtoto anaficha uso kwenye shingo ya bibi yake. Anamwonesha pipi, mtoto anapiga makelele kama kaona jini. Mama mtu anacheka mbele yetu, anasema, "Ala, keshanisahau huyu mshenzi," halafu anakwenda chooni anafungua bomba tusimsikie analia. Tunamsikia. Shoga yangu anamtazama mjukuu, anatazama mlango wa choo, hajui amshike yupi.

Kwa hivo alichotaka shoga yangu kilikuwa kimoja tu: bintiye apate uhamisho, aje Ibra, au Bidiya, au popote ambapo mtu anatoka asubuhi na jioni analala na mwanawe. Maombi yalishapelekwa, yakarudi, yakapelekwa tena. Sasa shemegi yake, yaani mume wangu, kawa mjumbe. Kwa nini asimwambie?

Alivyomwambia ndo kisa chenyewe.

Mabedui wana desturi yao. Mtu akija nyumbani kwako ana jambo zito, unammiminia kahawa, anaipokea, kisha anaiweka chini mbele yake, haigusi. Hapo wewe mwenye nyumba lazima umuulize ana nini. Ukimwambia, "Kunywa kahawa yako," basi umeshaahidi, jambo lake umelibeba. Na asipokunywa akatoka, aibu ni yako, si yake. Sisi tuliotoka Unguja hatukuwa na desturi hiyo. Kahawa kwetu ilikuwa kahawa. Lakini shoga yangu kila Jumatano alikuwa akiuza sambusa kwenye soko la wanawake, anakaa bega kwa bega na Mabedui wa Bidiya, na hakuna alichokiona kwao asichokichukua.

Alkhamisi ile mume wangu kamaliza habari zake, nimemimina kahawa, wanawake wananong'ona. Shoga yangu kapokea kikombe, kakiweka juu ya zulia mbele yake, katia mikono mapajani. Mwanzo sikufahamu. Nikamwambia, "Kunywa, itapoa." Akanambia, "Hii si kahawa yako. Hii kahawa ya mjumbe."

Mume wangu, aliyezaliwa na kukulia katika desturi za nchi hii kabla hajapelekwa Unguja kwa wajomba zake, yeye alifahamu mara moja. Nilimwona masikio yanamwiva.

"Kheri, shemegi," akasema. "Una nini?"

"Namtaka mwanangu arudi. Mjukuu wangu hamjui mama yake."

Kumwambia anywe hakuweza, maana hawezi kuahidi lisilo lake. Kupiga simu kwa mtu amfanyie upendeleo pia hataki, hilo alilikataa tangu siku ya kwanza na mie nilimuunga mkono. Na kusema hapana, mnamjua. Akakohoa, akatazama bakora, akasema, "Suala hili nitaliuliza mwenyewe barazani, inshallah. Na inshallah liko karibu."

"Basi siku likifika nitakunywa," shoga yangu akasema. Akaaga vizuri, akambeba mjukuu wake, akatoka. Kikombe kikabaki kwenye zulia kimejaa pomoni. Nilikiondosha mie mwenyewe nikakimwaga kwenye asumini, na roho inaniuma.

Ikawa ndiyo ada. Kila Alkhamisi anakuja, anacheka na wenziwe, anakula sambusa, akipewa kahawa anaiweka chini. Mambo hayo hayakai ndani. Wanaume sabla wakapata cha kumtania mume wangu. Bwana mmoja kwa maskhara akaweka kikombe chake chini mbele za watu, akaulizwa ana nini, akasema anataka mke wa pili. Mume wangu alirudi nyumbani kununa hawezi, kucheka hawezi. Nikamwambia, "Na huyo naye ulimwambia liko mezani?"

Suala aliliuliza kweli. Alinisomea kabla hajenda, nikamsaidia kuondosha maneno ya mapambo. Lakini kila akirudi, jibu lake kwa shoga yangu lilikuwa "linafanyiwa kazi", "lina mazingatio", "tuko karibu". Na shoga yangu aliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Akapaka rangi chumba cha binti yake. Akashona mapazia. Binti anapiga simu kutoka Masira, anamwambia, "Mama, hapa kuna vijumba vya kupanga, njoo na mtoto ukae na mimi." Yeye anamjibu, "Nije kufanya nini na wewe unarudi? Shemegi kasema liko karibu." Nilikuwa namsikia kwa masikio yangu, maana akizungumza kwenye simu mtaa mzima unashiriki. Mtoto akaanza kutambaa, akaanza kusimama, akaanza kutembea kwa kushika kapu la sambusa la bibi yake sokoni.

Baada ya Idi tulikwenda Nizwa kumtazama dada yake mume wangu aliyekuwa kafanyiwa operesheni ya jicho. Tunarudi mchana, jua kali, yeye anaendesha, mie nakula tende nilizopewa. Tulipofika karibu na Izki nikamuuliza, "Lile suala la mwalimu limefika wapi?"

"Lile lipo..."

"Ukinambia mezani nafungua mlango nashuka hapahapa."

Akaingia pembeni penye kibanda cha chai, akaagiza chai mbili za maziwa tukaletewa garini. Akashika gilasi yake bila ya kunywa. Kisha akasema polepole, anatazama mbele kama bado anaendesha, "Wamekataa."

"Lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

Jamani! Tumefunga mwezi, tumefuturu, tumekula Idi, tumevaa nguo mpya, na shoga yangu Alkhamisi hizo zote anakuja kukaa mbele ya kahawa na hapana imo mfukoni mwa mume wangu! Nilimpigia kelele mpaka muuza chai akarudi kuuliza kama kuna kitu kimeharibika. Chai ilimwagikia kanzu yake na wala sikumpa kitambaa.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Waziri namuuliza mbele ya watu na sitetemeki. Lakini mgeni nyumbani kwangu, mbele ya kahawa yangu, nimwambie hapana? Mdomo haufunguki. Kila wiki najipanga njia nzima kutoka Maskati, nikimwona tu na yule mtoto, nasema tuko karibu."

Alikuwa anasikitisha, na mie ningemhurumia, ila hasira zilikuwa bado hazijanishuka. "Yule si mgeni," nikamwambia. "Yule kakupigia kura. Kazi yako ni kurudi na habari, na hii ndiyo habari. Alkhamisi utamwambia, kabla sijamimina hata tone. Usiposema, nasema mie, na mie unanijua navyosema."

Hivo ndivyo tulivyofika Ibra. Tende nilimaliza peke yangu.

Alkhamisi ikafika. Nilipika kahawa nikaitia iliki mara mbili, kama ni mie nitakayesimamishwa. Wanawake wakajaa. Shoga yangu akaingia, mtoto kamkamata kanga, akakaa pale pake. Kwa mazoea nikammiminia, kwa mazoea akaweka chini. Mume wangu siku hiyo hakuanza na sheria wala salamu ndefu. Aliiweka bakora chini, akamkabili.

"Shemegi, wamekataa."

Mtu na sambusa yake mkononi akabaki nayo hewani.

"Wamekataa, yaani bado?" shoga yangu akauliza.

"Wamekataa, yaani hapana. Si mwezi huu, si mwaka huu. Niliuliza mara ya pili, jibu ni lilelile. Na jibu ninalo tangu kabla ya Ramadhani, nikaona haya kukwambia. Nisamehe."

Sijapata kumwona mume wangu namna ile. Kiyoyozi kinavuma na yeye jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu.

Shoga yangu akamvuta mjukuu karibu. Kisha akauliza, "Kwa nini?"

"Skuli ile mwalimu wa hesabu ni binti yako peke yake. Hajapatikana wa kumpokea. Akiondoka, wale watoto watakaa bila mwalimu."

Akampangusa mjukuu makamasi kwa ncha ya kanga. "Ee," akasema. "Na wale nao wana mama zao wanaotaka wasome."

Mie nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio. Nilishaweka maji, nilishaweka leso. Shoga yangu akanyosha mkono akakichukua kikombe. Nikamwambia, "Hiyo imepoa, nikupe nyengine." Akanambia, "Niache." Akainywa yote, baridi ilivyo, akanipa kikombe nimjazie tena, akanywa na hiyo, ndipo akakitikisa kuonesha ametosheka. Kisha akamgeukia mume wangu.

"Shemegi, ile feri inapakia friji?"

Hakuna aliyefahamu. Mume wangu akasema, "Friji?"

"Friji langu. Siliachi. Lile la milango miwili."

"Inapakia hata magari," mume wangu akasema.

"Basi nahamia Masira. Mwanangu kila siku ananiita nikapange nyumba kule, namwambia subiri. Mie nilizaliwa kisiwani, nitaogopa kisiwa ukubwani? Mtoto atakaa na mama yake na mie nitakaa nao wote wawili." Akamtazama, na hapa sauti yake ikapungua. "Lakini, shemegi, ungenambia mapema. Mimi hapana naiweza. Nimeondoka kwetu na bahasha moja ya nguo, nimezika mume, hapana naijua sura yake. Hilo 'liko karibu' lako ndilo lililoniweka hapa nashona mapazia."

Mume wangu akainamisha kichwa. "Kweli," akasema.

Ningependa kukwambieni kwamba tulikaa kwa heshima tukatafakari. Wapi! Bibi wa Kipemba akapiga makofi akasema, "Alhamdulillah, leo meza imevunjika! Na mie taa zangu za makaburini?"

Mume wangu akavuta pumzi. "Mwaka huu, bibi, hapana."

"Nitanunua tochi. Daktari wa meno?"

"Hilo bado, kweli bado. Jibu litatoka kabla ya vikao kufungwa. Likiwa hapana nitakwambia."

"Mie sina haja ya daktari, meno yenyewe sina. Nawaulizia hawa."

Wakaanza kugombania zamu. Kila mmoja anataka hapana yake. Mwanamke aliyekuwa akingoja njia ya lami mpaka mlangoni kwake kaambiwa hapana, akageuka kwa mkwewe akamwambia, "Unaona? Nilikwambia tununue gari refu." Msichana mmoja kauliza jambo la mikopo ya nyumba, kaambiwa hilo limepita, tena limepita vizuri, na mume wangu alifurahi kupata ndiyo ya kusema hata alisimama. Kelele zilizidi mpaka mjukuu wa shoga yangu akaanza kucheza katikati ya zulia, anapiga mguu na kugeuka, na sisi tunampigia vigelegele.

Ujumbe wake wa sauti wa wiki hiyo ulikuwa mfupi. Watu walimpigia simu kumuuliza kama anaumwa.

Shoga yangu hakukawia. Mwanawe mkubwa alikuja na gari ya kuchukulia mizigo, wakapakia friji, wakapakia cherehani, vigodoro, masufuria, yale mapazia, na kigari cha mtoto juu ya vyote. Mie nilikuwa nimemwokea mkate wa kumimina, nimeufunga kwa kitambaa safi, na huku namgombeza kwa kila kitu: kwamba hajafunga kamba vizuri, kwamba mtoto hana soksi, kwamba nani kamwambia achukue sufuria langu. Akanambia, "Sufuria hili langu." Nikamwambia, "Langu hilo." Tukabishana pale barabarani, majirani wanatutazama, mpaka machozi yakatutoka sote wawili na sufuria likapanda gari. Mume wangu alisimama kando. Shoga yangu akamwendea, akamwambia, "Shemegi, Mungu akuzidishie. Uendelee hivohivo." Kisha akaingia garini, akakaa mbele, mtoto mapajani, wakenda zao.

Zilipita wiki mbili nikampigia. Akapokea binti, ambaye huniita khaloo, yaani mama mdogo. Hakunisalimia vizuri, hakunambia shikamoo, alikuwa na haraka ya kunambia. "Khaloo, leo asubuhi nilipokuwa natoka kwenda skuli amenililia! Kakamata buibui langu, hataki niende. Amenililia mimi, khaloo!" Nyuma yake namsikia mama yake anapiga kelele kwamba samaki wa huku wabichi mpaka wanamtazama, na niambiwe nije. Nilicheka na kusema mashaallah mpaka simu ikakatika.

Nikakaa uani. Kule nyuma ya ukuta kimya. Mwenye nyumba alikuwa bado hajapata mpangaji mwengine, na hata angepata, asingekuwa yeye. Alkhamisi wanawake wanakuja bado, wengi kuliko zamani, wanataka kusikia ndiyo na hapana zao, na mume wangu anazisema zote mbili, ya pili bado kwa shida. Kahawa inanywewa yote. Mie namimina, natazama pale palipokuwa pake, karibu na kabati, na mtu mwengine kapakalia.

Mume wangu akanikuta pale uani. Akakaa karibu nami. "Kakwambia nini?"

Nikamwambia habari za mtoto. Akafurahi, akapangusa macho, maana na yeye mwepesi wa kulia. Kisha akanambia, "Sasa umeridhika? Nimesema hapana, kama ulivyotaka."

"Nimeridhika kwa ajili yake," nikamwambia.

"Na kwa ajili yako?"

Nilitazama ukuta. Nilitaka kumjibu kwa maskhara kama kawaida yangu, nikatafuta neno la kumchekesha, nikalikosa. "Kwa ajili yangu," nikamwambia, "ningetaka umdanganye tena, hata mpaka Idi kubwa."